MAMA MUUGUZI ANAJIBU: "Mama hataki nikaoshe vidonda vya ukoma"

*Shikamoo Mama Muuguzi. Mimi ni binti wa Songea, nasoma uuguzi mwaka wa tatu hapa Pune, India. Chuo chetu hupeleka wanafunzi kujitolea Anandwan, kile kijiji cha watu wenye ukoma kilichoko Warora, wilaya ya Chandrapur, na safari hii jina langu limo. Tumeambiwa tutafunga vidonda na kupima mikono na miguu. Nilipompigia mama simu alilia. Anasema Padri Damiani wa Molokai alikwenda kwa wagonjwa akiwa mzima akafa na ukoma, na mimi wala si mtakatifu. Baba kanyamaza, lakini najua yuko upande wa mama. Na mwenzangu wa chumbani, Mhindi, kaniuliza kama nikirudi nitahama chumba. Naomba uniambie kweli: nitaambukizwa? Na hiyo kazi ina faida yoyote kwa wale watu, au ni sisi tu tunaokwenda kutafuta alama za chuo? — Binti wa Songea, Pune*

Marahaba, mwanangu. Nenda.

Nimetanguliza jibu kwa sababu treni haisubiri gazeti. Yanayofuata msomee mama kwa simu, na uanze na Damiani, maana mama yako hakusema uongo. Padri huyo Mbelgiji alifika Molokai, kisiwa cha Hawaii, mwaka 1873. Aliishi na wagonjwa, akala nao, akawafunga vidonda, akawachongea majeneza. Siku moja mguu wake uliingia kwenye maji ya moto, ngozi ikababuka, naye hakusikia chochote. Hapo ndipo alipojua. Alifariki mwaka 1889, na mwaka 2009 Kanisa likamtangaza mtakatifu.

Sasa mwambie mama aziangalie tarehe. Mwaka uleule wa 1873 ndipo Daktari Armauer Hansen wa Bergen, Norway, alipoviona vimelea vya ukoma kwenye darubini. Dawa ya maana ya kuviua ilikuja kupatikana miaka ya 1940. Na huu mchanganyiko wa dawa tatu tunaoutumia leo, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini, Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1981. Kwa hiyo Damiani alikaa miaka 16 katikati ya mamia ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kumeza kidonge cha kuua vimelea hivyo. Wewe unakwenda kwa watu ambao wengi wao walimaliza dozi kabla hujazaliwa. Vimelea havimo tena mwilini mwao. Kilichobaki ni uharibifu viliouacha, na uharibifu hauambukizi mtu.

Ukoma hupita kwenye hewa, kwa matone ya puani na mdomoni mwa mtu ambaye hajaanza dawa, tena kwa kukaa naye karibu muda mrefu, kama wakaavyo watu wa nyumba moja. Haupiti kwa kushikana mikono wala kukalia kiti kimoja. Na hata wanaovuta vimelea hivyo, karibu watu 95 katika kila 100 miili yao inavishinda wenyewe bila hata kujua. Anandwan ina hospitali, kwa hiyo unaweza kukutana na mgonjwa mpya pia. Naye akishaanza dawa, baada ya siku chache tu haambukizi. Swali lako la kuambukizwa limeishia hapo kwa upande wa sayansi.

Lakini sayansi haimtulizi mama aliyelia. Kwa hiyo mpe hadithi ya mwenye kijiji. Muralidhar Amte, ambaye India nzima ilimwita Baba Amte, alizaliwa mwaka 1914 Hinganghat, mtoto wa tajiri wa mashamba, akasoma sheria akawa wakili. Jioni moja ya mvua alimkuta mtu amelala njiani, jina lake Tulshiram, vidole vimekwisha, mwili umejaa vidonda na funza. Wakili akakimbia. Akafika nyumbani, moyo ukamkatalia, akarudi, akamjengea kibanda cha kumkinga na mvua, akamuuguza mpaka alipokata roho. Baadaye alikwenda Calcutta kusomea ugonjwa wenyewe, na huko, kama inavyosimuliwa na wengi walioandika habari zake, alijitolea adungwe vimelea vya ukoma ili wataalamu waone kama vitaota ndani ya mtu mzima. Havikuota.

Na sasa sehemu ya kumsomea mama polepole. Mwaka 1951 Baba Amte alipofungua Anandwan kwenye ardhi ya mawe, na wagonjwa sita, na rupia 14 mfukoni, hakwenda peke yake. Alikuwa na mkewe Sadhana na watoto wao wawili wadogo, Vikas na Prakash. Wavulana wale walikulia palepale, wakacheza palepale, na wote wawili wakawa madaktari. Prakash na mkewe Mandakini, daktari vilevile, mwaka 1973 walihamia msituni Hemalkasa kuwatibu Wamadia, kabila la wenyeji wa huko, na mwaka 2008 wakapewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo kubwa ya Asia. Mama akiuliza, "Nani mwenye akili zake angepeleka mtoto huko?", jibu lake ndilo hilo.

Huyo mwenzako wa chumbani usimnunie. Hofu anayo yeye, lakini hata sheria za nchi yake zilikuwa nayo. Sheria ya mwaka 1898 iliyoruhusu kuwatenga wagonjwa wa ukoma ilifutwa rasmi mwaka 2016 tu, na mpaka mwaka 2019 ukoma ulikuwa bado ni sababu halali ya kuomba talaka. Bibi yake na mama yake wamelelewa humo. Mkaribishe aje nawe, atapona haraka kuliko kwa maneno.

Tuje kwenye kazi yenyewe, ambayo ndiyo niliyotaka kuiandikia.

Hamtatibu ukoma. Liweke hilo kichwani kabla ya kupanda treni. Ukoma unatibiwa kwa vidonge, na vidonge vinatolewa na daktari na muuguzi wa pale. Ninyi mtashughulika na ganzi. Watu wengi, wakiwemo watu waliosoma, wanadhani ukoma unakula vidole. Hauli. Vimelea hupenda neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizo karibu na ngozi: ile ya nyuma ya kiwiko, ya kifundo cha mkono, ya kando ya goti, ya ndani ya kifundo cha mguu, na ya usoni. Neva ikifa, mkono hausikii moto, mguu hausikii mwiba, na jicho halijui kwamba limekauka. Mtu anashika sufuria ya moto mpaka inamuunguza mfupa. Anatembea juu ya kidonda mwezi mzima kwa sababu hakuna kinachomwambia achechemee. Kidonda kinaoza, mfupa unasagika, kidole kinafupika. Daktari Paul Brand wa Vellore, kusini mwa India, aligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wake walikuwa wanapungukiwa na nyama usiku, wakiwa wamelala, kwa meno ya panya. Sisi husema panya hung'ata na kupuliza. Kwa mtu mwenye ganzi wala hana haja ya kupuliza. Daktari Brand akawa anawapa wagonjwa paka wakirudi makwao.

Nilipokuwa mafunzoni India tulipelekwa Anandwan, na mtu aliyenifundisha kuosha miguu alikuwa mzee mmoja wa karakana ya kufuma. Nilimwandalia beseni, nikamwashiria aingize miguu. Hakuingiza. Alimwita binti aliyekuwa anapita, binti akatumbukiza kiwiko kwenye maji, akatikisa kichwa, wakaongeza ya baridi. Hapo ndipo mzee akaweka miguu. Hakuniambia neno la lawama, na wala hakuwa ananidharau; kwake yeye hakuna maji yanayoaminika mpaka kiwiko cha mtu mwingine kiseme. Akakaa na miguu majini karibu nusu saa, anapiga soga. Kisha akachukua jiwe, akaweka mguu juu ya goti, akaanza kusugua sugu ya unyayoni taratibu, kwa macho, kwa sababu vidole havimwambii kitu. Akapaka mafuta wakati ngozi bado imelowa, ili maji yabaki ndani. Mwisho akachukua ndala zake, akazipindua, akazigonga sakafuni, akaziinua kwenye mwanga akachungulia, halafu akanipa mimi niingize mkono. Nikakuta ncha ya mwiba wa mgunga imepenya soli, imechomoza. Alikuwa ameukanyaga tangu asubuhi. Yeye alicheka. Mimi ndiye niliyeona kizunguzungu.

Hayo ndiyo mtakayoyafanya, na ukiona mwalimu wako amewapanga mstari kila mmoja na mkasi wake, ujue hajawahi kufika. Loweka, sugua, paka mafuta, kagua. Hayo ya kila siku ni ya mgonjwa mwenyewe. Kazi yako ni kuangalia anavyofanya na kumsaidia pale mkono wake usipofika, mfano nyuma ya kisigino. Sugu nene pembeni mwa kidonda hukatwa na anayejua, kwa kisu cha upasuaji, na utajifunza kwa kumtazama kabla hujashika. Kidonda kioshwe kwa maji safi na chumvi, kifunikwe kwa shashi safi, basi. Usikimiminie dawa za rangi rangi. Kidonda cha unyayo kinapona kwa kutokanyagwa. Bandeji nzuri kuliko zote haishindi siku chache za kulala au gongo la kutembelea. Na viatu vyenye soli ya ndani ya mpira laini na ya nje ngumu, vile ambavyo mafundi wa India wamevishona kwa miongo mingi, ni tiba kamili na siyo zawadi.

Glavu? Vaa glavu kwenye kidonda, kama unavyovaa kwa kidonda cha mtu yeyote. Usivae kwa kusalimia. Nimeona wanafunzi wamevaa glavu wakipokea chai! Ukinyooshewa mkono, hata kama hauna vidole, ushike. Ukiona mzee ameunganisha viganja kwa namaste, nawe unganisha. Wengine walizoea hivyo tangu zamani, kwa kuwa hakuna aliyewapa mkono, na si kazi yako kuwalazimisha waguswe ili wewe ujisikie vizuri.

Macho msiyasahau. Mwambie afumbe kope polepole, kama anasinzia, uone kama zinakutana. Zisipokutana, jicho linakauka na vumbi la Vidarbha, ukanda ilimo Anandwan, litamaliza kazi. Mfundishe kujilazimisha kufumba kila anapopita mlangoni, kila anaposikia pikipiki, kila anapokumbuka, na usiku afunike kwa kitambaa safi. Jicho jekundu ni la daktari siku hiyohiyo. Hali kadhalika mtu anayesema mkono umeanza kuuma nyuma ya kiwiko, au tangu wiki jana kidole kimekataa kunyooka, au mabaka ya zamani yamevimba na kuwa mekundu. Hiyo ni kinga ya mwili inayopambana na vimelea, hata vilivyokwisha kufa, na neva zinaumia katikati ya ugomvi. Hutokea wakati wa dawa, na wakati mwingine miaka kadhaa baada ya kumaliza. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ikianzwa mapema inaweza kuiokoa neva. Ukipita muda wa kama miezi sita tangu ilegee, nafasi inapungua sana. Mwanafunzi anayeuliza swali hilo moja kwa kila mtu, "Kuna kilichobadilika karibuni?", amefanya kazi kubwa kuliko aliyefunga bandeji 50.

Uliuliza kama kuna faida. Nitakujibu bila kukupamba. Siku chache za wanafunzi haziponyi kidonda cha miaka kumi. Kundi linakuja, linafunga vidonda vizuri, linapiga picha, linaondoka, na wiki inayofuata bandeji imelowa na hakuna anayejua kidonda kilikuwa na ukubwa gani. Kwa hiyo pimeni. Rula, urefu na upana, mchoro wa unyayo kwenye daftari, tarehe. Mguse mgonjwa unyayoni kwa ncha ya kalamu akiwa amefumba macho, na mahali asiposikia patie alama kwenye mchoro. Mkiacha daftari hilo kwa wauguzi wa pale, kundi la mwakani litaona kama kidonda kimepungua au kimeongezeka, na hapo ndipo ujio wenu unapokuwa na maana. Muulize mwalimu wako daftari la mwaka jana liko wapi. Asipokuwa nalo, anza wewe.

Faida nyingine inakuja kwako, na sioni aibu kuisema. Desemba 2005 India ilitangaza kwamba ukoma si tena tatizo kubwa la afya ya jamii, yaani umeshuka chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Tanzania nayo ilifika hapo. Watu wakasikia "umekwisha". Haujaisha: zaidi ya nusu ya wagonjwa wapya wa dunia nzima kila mwaka wanapatikana India, na sisi huku bado tunagundua wapya, watoto wakiwemo. Kilichokwisha ni watu wanaoujua. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyepita kwa watabibu kadhaa akipewa dawa za fangasi mpaka mkono ukapinda. Ukirudi Songea ukiwa muuguzi ambaye vidole vyake vimeshaisikia neva ya kiwiko iliyovimba, kuna mtoto fulani ambaye mkono wake hautapinda.

La mwisho, tabia. Baba Amte alizoea kusema kwamba sadaka huharibu, kazi hujenga, na kijiji kizima kimejengwa juu ya neno hilo. Utakuta watu wanafuma, wanachonga mbao, wanatengeneza baiskeli za magurudumu matatu za walemavu, wanalima. Kila mwezi Mei vijana kutoka kila pembe ya India huenda Somnath, tawi la Anandwan, kwenye kambi ya kazi za mikono. Hakuna anayewasubiri mje mumwonee huruma. Fundi unayemwosha miguu anakula jasho lake, na wewe karo yako bado inalipwa na baba aliyenyamaza. Jipange hivyo moyoni. Na beba chupa ya maji, joto la Chandrapur si la mchezo.

*Mama Muuguzi, mimi ni Mkenya, nasoma afya ya jamii hapa Minnesota. Tunakwenda na kikundi Tamil Nadu, kusini mwa India, kwenye makazi ya watu wa ukoma. Tumekusanya viatu vya mitumba magunia manne, antibayotiki, na mmoja wetu atapiga video ya kuchangisha pesa. Kuna kingine tubebe? — Kijana wa Kakamega*

Punguzeni, msiongeze.

Viatu vya mitumba viacheni hukohuko. Kiatu kilichovaliwa kimeshika umbo la mguu wa mtu mwingine, ndani kina mshono, msumari, kona. Wewe ukikivaa kikakubana utakivua baada ya hatua kumi. Mwenye ganzi atakivaa mpaka jioni, na jioni ana kidonda. Magunia manne ya viatu ni magunia manne ya vidonda. Pesa mtakayotumia kusafirishia mpeni fundi wa palepale anayepima mguu na kushona ndala zenye mpira laini.

Dawa za ukoma hamhitaji kubeba, na hazinunuliwi. Kampuni ya Novartis inazitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2000, na serikali ya India inazigawa bila malipo. Antibayotiki zenu ni za daktari wa pale kuamua. Kidonda cha kawaida cha unyayo kinataka mapumziko kuliko vidonge, na vidonge vyenye maandishi ambayo muuguzi hawezi kuyasoma ni takataka zilizopanda ndege.

Video: hapana. Anayetaka kupigwa picha atakuambia, na akikuambia, mpige uso wake akiwa kazini kwake. Miguu yenye vidonda tunayo kwenye vitabu.

Kabla ya kuondoka andikeni barua kwa wanaokaa hapo muwaulize wanahitaji nini. Msishangae wakisema wanataka mtu wa kupima presha na sukari. Watu wale wamezeeka, na wengi wanaugua yale yale wanayougua wazee wenzao wa Kakamega.

*Kwa nini vijana wetu wapande ndege kwenda India kuosha vidonda vya ukoma wakati Kindwitwi iko hapa Rufiji? — Mzee wa Utete*

Shikamoo mzee wangu. Kweli tupu. Yule binti yuko India tayari kwa masomo, kwa hiyo yeye hana hatia. Lakini Kindwitwi ipo, kijiji kilichohudumiwa miaka mingi na padri Mwingereza Robin Lamburn. Kenya wana Alupe kule Busia, Uganda wana Buluba. Vyuo vyetu vya uuguzi vina mabasi. Nimeukata waraka wako nikaubandika mlangoni kwa mkuu wa chuo mmoja ninayemfahamu. Jina lake silitaji, akisoma atajijua.

*Mama, mjukuu wangu wa miaka tisa ana baka mgongoni, limefifia kuliko ngozi, haliwashi, haliumi. Tumepaka dawa ya fangasi miezi mitatu. Jirani kasema ni ukoma, tumtoe shule. Nifanye nini? — Bibi, Lindi vijijini*

Shikamoo bibi. Asitolewe shule.

Chukua kipande cha pamba. Mtoto afumbe macho, umguse kwanza mkononi kwenye ngozi nzima ili aelewe mchezo, kila akiguswa aonyeshe kwa kidole ni wapi. Halafu mguse katikati ya baka. Akionyesha sawasawa kila mara, huenda ni jambo jingine la ngozi, ila bado apelekwe kuonwa. Akishindwa kuonyesha pale kwenye baka, usipoteze wiki nyingine. Msimchome sindano wala kumwekea kitu cha moto kujaribu, nasikia wapo wanaofanya hivyo. Mpeleke zahanati, na uulize kwa jina mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Kila wilaya anaye, na ndiye anayejua zaidi. Vipimo na dawa ni bure. Atakayekudai pesa anakuibia.

Mabaka yakiwa matano au pungufu, dawa kwa kawaida ni miezi sita. Yakizidi, miezi 12. Ninyi wa nyumbani mtakaguliwa pia, na huenda mkapewa dozi moja ya rifampisini ya kukinga. Msikatae. Vidonge vinakuja kwenye pakiti ya mwezi, vile vya siku ya kwanza anavimeza mbele ya mhudumu, na siku hiyo mkojo wake utakuwa mwekundu kama juisi ya rozela. Mwambieni mapema yeye na mama yake wasiogope. Ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi miezi ya dawa, hasa kwenye baka, halafu ikarudi baada ya kumaliza. Wengi huacha dawa kwa sababu ya rangi hiyo, kwa hiyo kama kuna mtu wa kumkalia, ni shangazi yeyote atakayesema mtoto ameharibika sura. Jirani naye mwambie ukweli wa jibu la zahanati, lolote litakalokuwa, na Jumatatu mtoto aende darasani na wenzake.